Mdomo wa papa

Usingizi umegoma ndo maana niko hapa saa hizi. Wiki hii Somoe kaolewa, ofisi tumehama na mafaili yangu nusu sijui yako boksi gani, lakini kichwani nina kitu kimoja tu, mjomba na Bosi, mbwa wangu.

Jumapili mjomba alitoka Mikindani kuja kutuona, nikamwamkia, nikamtandikia mkeka barazani. Hata chai hajamaliza akamwita Bosi, akamfunua midomo kwa vidole viwili kama anakagua samaki mnadani. "Mpwa wangu, huu mdomo wa papa. Taya la chini halifiki. Mbwa wa hivi hashiki mtu." Nikasema mjomba huyu bado mtoto, anakua. Akasema, "Anakua mwili. Taya mtu anazaliwa nalo. Mtafutie mama yako mbwa mwingine kabla ya msimu wa korosho." Na mimi nikajibu, "Sawa mjomba."

Sawa ya nini sasa? Nimeirudia hiyo sawa nikiosha vyombo, nikiwa kwenye bodaboda, hata ukumbini watu wanamtuza bi harusi mimi natunga jibu ambalo ningempa. Kwetu neno la mjomba lina uzito, mnajua, simbishii mbele za watu. Lakini Bosi alikuwa kakaa hapohapo ananiangalia, nikaona kama nimemkana.

Na jibu nilikuwa nalo! Tangu Bosi ana miezi miwili nilishamuuliza bwana mifugo, akanieleza vizuri tu kwamba taya la juu na la chini kwa mtoto wa mbwa hayakui kwa mwendo mmoja, kila moja lina wakati wake, leo hili limetangulia kesho lile linalifuata. Ndo maana mdomo wa miezi miwili sio mdomo wa mwaka. Kinacholeta shida ni meno ya utoto, yale 28 membamba kama sindano, zile chonge za chini zikinasa nyuma ya za juu basi taya la chini linakuwa kama limefungwa kamba, linataka kwenda mbele haliwezi. Meno yakianza kudondoka, kuanzia miezi mitatu na kitu mpaka sita au saba hivi, kamba imekatika, na ile nafasi kati ya meno ya juu na ya chini ikiwa ndogo inaweza kuziba yenyewe, wengine mpaka miezi kumi. Akaniambia pia tusimchezeshe kuvutana matambara, na nikiona chonge ya chini inachoma kaakaa nimpeleke haraka. Ila hakunificha, kama ni mfupa wenyewe mfupi wa kurithi haurefuki, na huyo asizalishwe. Na wale ambao taya la chini ndo limezidi mbele, hao ndo mara nyingi linazidi tu kadiri wanavyokua. Bosi wangu ni wa juu kuzidi.

Basi jana jioni nafagia barazani nikaona kitu cheupe pembeni ya mkeka, uleule wa mjomba. Jino! Chonge ya utoto, limepinda kidogo, ndani tupu. Nikamkamata Bosi nikawasha tochi ya simu. Ya chini zote mbili hazipo, fizi nyekundu, kulia kuna ncha mpya imeshachungulia na imekaa mbele ya chonge ya juu, inapotakiwa kukaa. Mbele kwenye meno madogo, mwezi Mei nilikuwa napitisha kidole pale, sasa ukucha tu unaingia. Nimecheka peke yangu pale chini jamani, Bosi ananilamba mkono una vumbi la ufagio. Taya halijafika bado, ana miezi mitano tu, na meno 42 ya ukubwani hayajakamilika. Lakini limetembea. Lile jino nimelifunga kwenye karatasi, Jumapili naenda Mikindani nimpe mjomba mkononi, kwa adabu zote, nimwambie sawa yangu naichukua.

Nilikuwa nalala na furaha hiyo, saa tatu mama akapiga kutoka Nanguruwe. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umeingia kwenye maua, mikorosho yote ya upande wa bondeni imepiga unga, na salfa ya kupulizia imebaki mfuko mmoja.