Jinsi Nilivyopanga Mbio za Saa Sita Bila Mtu Kukosa Magharibi

Kila anayeuliza namna ya kuandaa mbio ndefu za magari kwenye simyuleta, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga udereva wa kweli, hupewa jibu lile lile: chukua kanuni za mbio kubwa za Ulaya, zipunguze muda, kazi imekwisha. Nami nilipewa ushauri huo, tena kwa wingi, na watu ambao siku yao haigawanywi na adhana, umeme wao haukatiki radi inapopiga, na seva zao, yaani kompyuta zinazowaunganisha wachezaji wote, ziko karibu na nyumbani kwao. Mimi niko Unguja. Wenzangu wako Pemba, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati, na mmoja anaishi Uingereza. Mbio zetu za saa sita zilifanyika mwezi wa Mei, zikaanza na kwisha kwa saa niliyoiandika kwenye ratiba, na hakuna aliyelazimika kuchagua baina ya gari na sala. Nasema haya kwa kujisifu kidogo, kwa sababu kazi yangu skuli ni kupanga ratiba ya vipindi, na nimeambiwa kwa miaka mingi kwamba ufundi huo haumfai mtu akishatoka nje ya geti.

Tarehe haikunisumbua sana. Liga yetu hupumzika wakati wa masika, na masika ndiyo miezi ambayo hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza wafanyakazi, kwa hiyo mpishi wetu wa Nungwi na mzamiaji wetu wa Paje, ambao Agosti huwapati hata kwa salamu, walikuwa nyumbani wakitazama mvua. Ramadhani na sikukuu zilikuwa zimepita. Siku ilikuwa Jumamosi, na hapakuwa na nyingine ya kuchagua: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi na Waingereza tunapumzika Jumamosi na Jumapili, basi siku ya pamoja ni moja tu.

Tunaendesha Assetto Corsa Competizione, mchezo wa kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia uliotoka kwa ukamilifu mwaka 2019. Una magari ya daraja la GT3, yaani magari ya kawaida ya kasi yaliyogeuzwa kuwa ya mashindano, na unaruhusu madereva wawili au zaidi kupokezana gari moja kila linapoingia piti, pale pembeni ya uwanja panapotiwa mafuta na kubadilishwa matairi, jambo ambalo ndilo roho ya mbio ndefu. Uwanja ulizua maneno mengi kuliko ulivyostahili. Mmoja alitaka Le Mans, ambao haumo kabisa katika mchezo huu. Mwenzetu wa Uingereza, ambaye kuanzia hapa nitamwita mshauri kwa kuwa ushauri wake haukukauka, alishikilia Spa-Francorchamps kwa hoja kwamba mbio za saa 24 zimekuwa zikifanyika pale tangu 1924. Mimi nilitaka Kyalami ya Afrika Kusini, yenye mbio zake za saa tisa zilizoanza mwaka 1958 katika uwanja mwingine na kuhamia hapo mwaka 1961. Heshima ya Afrika ilikuwamo katika hoja yangu, sikatai, lakini hoja kubwa ilikuwa ya ratiba. Kyalami ina kilomita 4.529 na gari la GT3 huumaliza mzunguko kwa dakika moja na sekunde arobaini na kitu. Spa ina kilomita 7.004 na mzunguko wake unazidi dakika mbili na robo. Dereva aliyebakiwa na dakika mbili katika zamu yake anaweza kumaliza mzunguko mmoja zaidi Kyalami, ilhali Spa hana budi aingie piti mapema. Kyalami imo katika kifurushi cha nyongeza kinachouzwa kando, pamoja na Suzuka, Laguna Seca na Mount Panorama. Waliokuwa hawana walisubiri punguzo la bei, wakakipata kwa fedha ambayo haiwezi kumlisha mtu mishikaki ya Forodhani kwa siku nyingi.

Seva ndiyo iliyonikondesha. Programu yake ni ndogo na huja bure kwa aliyenunua mchezo, ndipo mshauri akasema nisitupe fedha kukodi, niiweke kwenye kompyuta yangu nyumbani, kwa kuwa yeye kafanya hivyo na kafanikiwa. Niliingia kwenye modemu, nikafungua milango yote iliyotakiwa, yaani njia za namba ambazo wachezaji wa nje hupitia kuifikia seva, nikawaita wenzangu waingie. Hakuna aliyeiona seva hata kwa mbali. Nikaambiwa nizime kinga ya Windows, nikaizima. Nikaambiwa nibadilishe namba za milango, nikabadilisha. Nikaambiwa ninunue modemu nyingine, na hapo nikakataa, nikamwita rafiki yetu fundi wa simu wa Darajani, ambaye alikuja na mfuko wa karanga na hakugusa waya hata mmoja. Aliangalia anwani ya intaneti iliyoandikwa ndani ya modemu, kisha akaangalia anwani ambayo tovuti za nje zinaiona tunapozifungua, akanigeuzia simu nione: hazifanani. Maana yake mtoa huduma amewafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mlango wowote ninaoufungua nyumbani unatazama ukuta. «Hata ungenunua modemu ya dhahabu, mwalimu,» alisema, akaendelea na karanga zake. Kwa hiyo anayesoma haya aanze na ukaguzi huo, ambao hauchukui hata dakika tano, kabla hajapoteza usiku wake kama ulivyopotea wangu.

Ushauri uliofuata ulikuwa kukodi seva Ujerumani, kwa kuwa ndiko wanakokodi wengi. Tulijaribu, na pingi ya wenzetu wa Wete, Pemba, yaani milisekunde ambazo ujumbe huchukua kwenda kwenye seva na kurudi, ikazidi mia mbili, magari yakawa yanarukaruka barabarani, yakitoweka kwenye kona na kuibukia mbele ya pua yako. Nikatazama ramani ya nyaya za chini ya bahari. EASSy na SEACOM zote zinatua Dar es Salaam, na zote zinateremka hadi Afrika Kusini. Nikakodi mashine Johannesburg, ya kulipia kwa saa na kuizima ukimaliza, na pingi ya visiwani ikashuka chini ya nusu. Ya mshauri ilipanda, naye akalalamika. Nilimjibu kwamba sisi tumeivumilia hali hiyo msimu mzima kwa ajili yake.

Sasa nifike kwenye zamu, ambako ndiko ninakojivunia. Mbio zilitakiwa ziende kuanzia saa 10:00 alasiri hadi saa 4:00 usiku, kila gari likiwa na madereva wawili. Mwanzoni mwa Mei jua la Unguja hutua kiasi cha saa 12:15, na Isha huingia kiasi cha saa 1:25. Magharibi ni sala yenye muda mfupi, na seva ya mchezo huu haina namna ya kusimamisha mbio zikishaanza. Wapo waliopendekeza tuzikate vipande viwili. Lakini vipande viwili vya saa tatu si mbio za saa sita, kwa kuwa matairi na mafuta yanaanza upya na uchovu unakatika katikati. Mshauri alitaka zamu za dakika 65, kwa kuwa ndizo alizozizoea katika mbio kubwa. Nilichukua karatasi nikazipanga: mabadiliko yangeangukia saa 11:05, saa 12:10 na saa 1:15. Yule anayeingia garini saa 12:10 anaingia dakika tano kabla ya adhana, na anatoka dakika kumi kabla ya Isha, akiwa na jasho na bila udhu. Akichelewa kidogo piti, sala imempita.

Nikapunguza dakika moja moja hadi nikafika 55, na hapo karatasi ikatulia. Mabadiliko yakawa saa 10:55, saa 11:50, saa 12:45, saa 1:40, saa 2:35 na saa 3:30, na zamu ya mwisho ikabaki ya nusu saa. Tazama lile la saa 12:45: anayesubiri kuingia amekuwa na nusu saa tangu adhana, amesali na kunywa maji, anayetoka ana dakika arobaini kabla ya Isha, anasali kwa utulivu. Kisha nikawapigia hesabu wenzetu wa Maskati, nikitarajia matatizo. Kwao jua linatua kiasi cha saa 12:38 kwa saa yao, yaani saa 11:38 kwa saa yetu, na badiliko letu la saa 11:50 likawakaa vile vile: anayeingia ana dakika kumi na mbili, anayetoka ana muda tele. Mkubwa wetu wa Maskati, ambaye sote tunamwita ami, aliniandikia neno moja tu: «Mashaallah.» Ratiba ya skuli haijawahi kunipatia hilo.

Katika faili la kanuni za seva zamu huandikwa kwa sekunde, kwa hiyo niliweka 3300. Muda wa jumla wa kila dereva lazima uwekwe pia, kwa kuwa mipangilio hiyo miwili hutegemeana. Dereva wa kwanza angeendesha saa 3 na dakika 15 kwa jumla, nami nikaweka sekunde 12000 ili kumwachia nafasi. Faida nyingine ilijitokeza bila kutafutwa. Dakika 55 Kyalami ni mizunguko kama 32, nayo haifiki lita 100 za mafuta, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulalamika kwamba tangi la gari la mwenzake ni kubwa kuliko lake. Alasiri, inayoingia kiasi cha saa 9:40, niliitatua kwa kurefusha muda wa kusubiri kabla ya mbio: tulimaliza kushindania nafasi za kuanzia saa 9:25, na seva ikakaa kimya dakika 35.

Orodha ya madereva haikuhitaji akili, ilihitaji subira. Kila dereva huandikwa kwa namba yake ya Steam, duka la mtandaoni tulikonunua mchezo, yenye tarakimu 17, na tarakimu moja ikikosewa seva haimtambui mwenzake garini. Niliomba zinakiliwe na kubandikwa. Mpishi wetu alinitumia namba yake kwa sauti, akiisoma huku nyuma yake kuna mtu anakaanga kitu, na alipofika katikati akasema, «Ngoja, mwalimu, nianze tena.»

Kuhusu umeme nilikuwa mkali. Waliokuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme kwa miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwa nini. Niliweka sharti kwamba madereva wawili wa gari moja wasikae mtaa mmoja, na kila mmoja aiwekee modemu yake betri ya peke yake, kwa kuwa modemu inakula umeme kidogo na betri ndogo inaibeba kwa muda mrefu, wakati betri hiyo hiyo ukiiunga na kompyuta na usukani inakufa kabla hujafika piti. Mwenye laptopu asijidanganye: ikihamia kwenye betri yake nguvu ya picha hushuka na mchezo huanza kukwamakwama. Pia niliacha mbio bila kufuli, ili aliyekatika aweze kuingia tena. Tulilijaribu hilo kwa kumchomolea mtu waya makusudi, naye bado ananidai urojo.

Siku yenyewe ilikwenda. Magari manane yalianza, mvua ikinyesha Unguja na jua likiwaka Kyalami. Saa 11:38 adhana ya Maskati ilisikika katika maikrofoni ya ami, na saa 12:15 zikafuata za kwetu, kila mtaa kwa sekunde yake, hadi ikabidi nitangaze maikrofoni zifungwe. Kiasi cha saa moja radi ilipiga Wete na gari la wenzetu likatoweka. Walirudi wakiwa wamepoteza mizunguko mingi, wakamaliza wa saba na kushangilia kuliko walioshinda. Gari langu lilikuwa la nne, nafasi ambayo mwenzangu anasema ni ya kwake, kwa kuwa mimi muda wote nilikuwa nikitazama saa.

Mshauri alikuwa wa pili hadi zamu ya tano. Huko kwake jua lilikuwa halijatua bado na lisingetua hadi mbio zimekwisha, kwa hiyo dakika 55 kwake zilikuwa ukaidi wangu tu. Saa ya zamu ilipoanza kumhesabia chini kwenye kioo alisema hewani kwamba hilo ni onyo, na kwamba ataongeza mizunguko michache ili apunguze mafuta ya zamu ya mwisho. Nilimwambia, «Kaka, ingia.» Hakuingia. Sekunde zilipokwisha seva ilimtoa mbioni pale pale, na mwenzake wa Mombasa, aliyekuwa amekwisha kuvaa glavu tayari kupokea gari, alizungumza kwa muda mrefu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Maskati ndio walioshinda. Mchango wetu ulilipa mashine ya Johannesburg ukabaki chenji, na tumekubaliana kwamba Novemba tufanye saa tisa kamili, kuanzia saa 7:00 mchana. Nimeshapiga hesabu: jua la Unguja wakati huo linatua karibu saa ile ile ya Mei, lakini la Maskati linatangulia kwa zaidi ya saa nzima, kiasi cha saa 10:23 kwa saa yetu. Kwa zamu za dakika 55 mabadiliko yataangukia saa 10:40 kwao na saa 12:30 kwetu, kwa hiyo namba haibadiliki. Ninachotafuta sasa ni dereva wa kukaa gari moja na mshauri, kwa kuwa yule wa Mombasa ameomba ahamishwe.