Kwa sababu umeuliza

Waya ulikuwa sawa, na Mzee akaukata.

Ngoja niyaandike, labda yataniacha nilale. Ilikuwa Cessna 206, ukaguzi wa saa 50: oili imwagwe, filta ibadilishwe, plagi zisafishwe, na jicho lipite kwenye kila bomba na kila kebo mbele ya ukuta wa kuzuia moto. Filta mpya imekaa, gasketi imepakwa grisi ya DC-4, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) imelia kwenye futi-paundi 17, katikati ya zile 16 na 18 zilizochapwa ubavuni mwa filta yenyewe. Lokiwaya, ule waya wa kuzuia filta isilegee, ya inchi 0.032 imefungwa, mkia umekunjwa ndani. Nikamwita Mzee, fundi anayenisimamia. Mnamjua.

"Mzee, iko sawa?"

Akainama, akamulika tochi, akapitisha kidole kwenye mkia kuona kama unachoma. "Iko sawa." Halafu akachomoa koleo mfuko wa nyuma, akakata. Kipande kikaanguka kwenye trei ya oili.

"Sasa mbona umekata, Mzee?"

"Kwa sababu umeuliza."

Akaenda zake kunywa chai.

Basi, hiyo ndiyo habari ya wiki. Dada amejifungua salama mtoto wa kiume, mwenye nyumba amepandisha kodi, ile ndege ya Caravan iliyokuwa ikisubiri pampu ya mafuta tangu Pasaka hatimaye imeruka, na mimi nalala na kuamka na maneno matatu.

Kipande nilikiokota, kiko hapa mezani. Misokoto saba kwa inchi. Kitabu cha matengenezo kinataka sita hadi nane: ikipungua, waya unacheza pamoja na mtikisiko wa injini mpaka ukatike; ikizidi, umeuchosha kabla haujaanza kazi. Mkia ni kati ya robo na nusu inchi, umekunjwa usichane mkono wa atakayefuata. Hakuna kovu la koleo, maana penye kovu ndipo waya huanzia kukatika. Na mwelekeo, ambao wanafunzi wengi hukosea mwanzoni: waya lazima uivute filta upande wa kukaza, ili ikitaka kulegea izuiwe. Ukiufunga kinyume umeivisha filta shanga tu. Wangu ulivuta upande wa kukaza. Na kwa kuwa waya uliokatwa hautumiki tena, hata hasara ni yake.

Sidharau kazi yenyewe. Injini ile hubeba kwati 12 za oili, na filta ikilegea angani pampu yake yenyewe ndiyo itakayoimwaga oili nje. Rubani ataona sindano ya shinikizo ikishuka, na akiwa juu ya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, atakuwa na dakika chache za kuchagua atue wapi. Nayajua hayo. Ndiyo maana niliuliza!

Mwanzoni nilisema ni ukorofi. Mtu anayetuongoza katika zaburi kila asubuhi kabla masanduku ya vifaa hayajafunguliwa, neno "hongera" linamshinda? Baadaye nikasema hapana, ni mtihani, anataka kuona kama nitanuna. Nilinuna. Kisha nikapata hoja ambayo niliiona kubwa sana, nikawa naipanga nikiwa kwenye teksi, nimebanwa dirishani: mbona sheria yenyewe inataka mtu wa pili?

Chukueni mifumo ya usukani wa ndege. Ukigusa kebo ya eleroni (vibao vya mabawani vinavyoilaza ndege kushoto au kulia), ya elevata (kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) au ya usukani wa wima wa mkiani, kazi haiishi kwa saini moja. Fundi aliyeifanya anasaini, kisha mwingine ambaye hakuigusa anaikagua upya, naye anasaini. Sababu ni kwamba kosa baya kuliko yote hapo halionekani kwa mtu aliyelifanya. Kebo mbili zikipishanishwa, usukani unageuka vizuri kabisa, laini, haukwami popote, ila ukigeuza kushoto ndege inalalia kulia. Aliyezifunga atageuza, ataona vitu vinasogea, ataridhika. Wa pili anasimama nje, anasema kwa sauti, "Geuza kushoto," anatazama kama eleroni ya kushoto imepanda na ya kulia imeshuka. Sasa, hiyo si kuuliza?

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Mzee hivyo hivyo. Alhamisi nikamkuta yeye mwenyewe kwenye mkia wa ndege nyingine, amemaliza kebo ya elevata, anamwita injinia wa pili. Nilikaa pale nikijifanya nafagia.

"Injinia, njoo. Kebo ya elevata. Mvuto nimeweka wa kitabu, kwa joto la leo. Tanbakoli zote mbili za kukazia kebo zimefungwa, nyuzi za skrubu zinazoonekana hazizidi tatu kila upande. Kagua."

Yule wa pili hakusema sawa wala si sawa. Alichukua kipima mvuto, akaanza mwanzo kana kwamba hakusikia chochote.

Mzee hakuuliza. Alisema amefanya nini na kwa kipimo gani, akakaa kimya. Mimi nilisema "iko sawa?" nikamtazama usoni. Yaani ile kazi ya kujua kama iko sawa niliinyanyua kwangu nikamtwisha yeye, na kama angejibu tu "iko sawa", tungekuwa watu wawili tuliokagua mara moja. Akikosea yeye, nimekosea na mimi kwa kumwamini.

Nimeelewa. Lakini angeweza kuniambia kwa mdomo. Lokiwaya haiokotwi barabarani.

(Na msiniambie ni malezi ya zamani. Kuna mafundi wa umri wake wanaoongea.)

Nilirudia kazi Alhamisi hiyo hiyo, bila shaka, na safari hii nilisema: filta, futi-paundi 17, waya wa inchi 0.032, misokoto saba, unavuta upande wa kukaza. Alikagua. Hakukata. Hakusema kitu pia, kwa hiyo sijui nimepata alama ngapi.

Filta ya zamani nayo ilikuwa na maneno yake. Hukatwa kwa kikata filta, kile cha gurudumu, kamwe si kwa msumeno, kwa sababu msumeno huacha vumbi lake la chuma halafu unaanza kushtaki injini kwa uchafu uliouleta wewe. Karatasi ya ndani inatolewa, inakunjuliwa, inasuuzwa kwenye kiyeyushi safi, kisha sumaku inapita. Kinachoshika ni chuma: ringi, kemshafti, gia. Kinachong'aa kisishike huenda ni alumini ya pistoni. Chenye rangi ya shaba kinatoka kwenye bushi. Vipande vichache vidogo kama nywele, unaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu za injini na kutazama tena ukaguzi ujao. Vingi, ndege hairuki. Vyetu vilikuwa vichache.

Propela ilichukua muda kuliko nilivyodhani, na hapo ndipo hali yangu ya moyo ilipoanza kugeuka. Viwanja vyetu vingi vya mikoani ni murramu au nyasi. Ukifungua nguvu zote ndege ikiwa imesimama, propela inanyonya kokoto na kujipiga nazo. Rubani mzuri huiacha ndege ianze kusogea ndipo aongeze taratibu. Hata hivyo ukingo wa mbele hurudi na vidonda. Kidonda kidogo ni hatari kwa sababu nguvu zote za bapa la propela hukusanyika kwenye ncha yake, ufa ukaanzia pale, na bapa likipoteza inchi chache za ncha mtikisiko unaweza kuing'oa injini kwenye vishikio vyake. Kwa hiyo unachukua tupa laini, unakifanya kidonda kuwa bonde refu lisilo na kona, unasugua kwa msasa kwa kufuata urefu wa bapa, unatazama kwa kioo cha kukuza kama pana ufa, unapima kama upana na unene bado uko ndani ya mipaka ya kitabu. Kugonga kwa nyundo kurudisha umbo ni marufuku. Ni kazi ya polepole, na huwezi kuifanya umenuna. Jaribuni.

Halafu ikaja kazi ninayoipenda kuliko zote, kupima mgandamizo wa silinda. Injini iwe bado ya moto. Magneto, zinazozipa plagi cheche, zizimwe na ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwenye dashibodi. Plagi moja ya kila silinda itolewe. Pistoni ikiwa juu kabisa kwenye mpigo wa mgandamizo, unaingiza hewa ya paundi 80 kwa inchi ya mraba, na geji ya pili inakuonyesha kilichobaki. Mtu mwenye mikono ya uhakika anashika propela wakati wote, kwa sababu pistoni ikiponyoka hata kidogo hewa ile itaizungusha, na bapa halimwonei mtu huruma. Kisha unasikiliza. Hewa ikifuka kwenye egzosi, valvu ya kutolea haikai vizuri. Ikisikika njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Na kwa injini za Continental, kama hii, huna namba moja ya kushindwa ya kukariri: kiwango cha chini unakipima siku hiyo hiyo kwa kifaa chenye tundu maalumu, kwa geji zile zile utakazotumia.

Silinda moja ilisoma 74 kwa 80, nyingine 73, nyingine 71. Silinda namba tatu ikakaa 52 na kuvuma kwenye egzosi. Hapo fundi mwenye haraka hung'oa silinda. Kitabu kinasema ingiza kamera kwanza. Tukaingiza. Uso wa valvu nzima huwa na miduara ya rangi iliyopangana sawa, kahawia na nyekundu-kahawia, katikati hadi ukingoni. Wetu ulikuwa umehama upande mmoja, na pale ukingoni kipande chembamba cha kijani, ndipo joto lilipokuwa likipenyea. Valvu inaungua. Haijavunjika bado. Ingevunjika angani.

Nilifurahi mno, siwezi kuficha. Nilisema: "Silinda ya tatu, 52 kwa 80, inavujia egzosi, ukingo wa valvu una kijani upande mmoja. Kagua." Mzee akakagua, akaandika. Silinda inatoka Jumatatu.

Kwa mnaoniuliza kila mara jinsi ya kuingia: anzeni na Fizikia na Hesabu za kidato cha sita, na Kiingereza cha kusoma kitabu cha matengenezo bila kubahatisha. Kanuni za kimataifa zinataka fundi mwenye leseni awe na miaka 18 na uzoefu wa miaka 4, au 2 akiwa amemaliza kozi iliyoidhinishwa. Kila kazi iandikwe kwenye daftari lako na kusainiwa na msimamizi siku hiyo, si mwisho wa mwezi. Wanaotaka kwenda na mashirika ya misheni wajue kwamba marubani wengi wanaotoka vyuo vya Marekani kama Moody na LeTourneau wana leseni zote mbili, ya kurusha na ya ufundi. Kule Coshocton, Ohio, MMS Aviation huwafundisha mafundi kwa kuwapa ndege za misheni za kweli wazitengeneze, miezi 30, ambayo ndiyo muda Wamarekani wanautaka kwa leseni ya bodi na injini pamoja. MAF, shirika la ndege za misheni linaloruka kutoka kiwanja cha Kajjansi, wengi mnalijua. Huko kote, wito hauchukui nafasi ya daftari.

Sasa kinachonikosesha raha usiku huu ni kitu kingine kabisa. Ile picha ya valvu nilimtumia binamu, yule anayeomba kwenda chuo cha Soroti kusomea urubani. Nilimwandikia: angalia kile kijani, ndiyo hatari yenyewe. Akajibu, "Picha safi, lakini kijani kiko wapi? Naona kahawia tupu."

Nikakuza picha, nikachora mshale, nikamtumia tena. "Bado kahawia."

Leseni ya urubani wa biashara inahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, na humo mna macho, masikio, moyo, na kurasa zile zenye vitone vya rangi vinavyoficha namba. Asiyeziona hupelekwa kwenye kipimo kingine cha taa, na akishindwa hapo pia njia inakuwa nyembamba sana. Wana sababu: taa ya bawa la kushoto ni nyekundu na ya kulia ni kijani, na redio ikifa mnara wa kuongozea ndege huongea na rubani kwa taa za rangi hizo hizo. Ndiyo maana huwa nasema cheti cha afya kwanza, ada baadaye, wala si kinyume chake.

Huenda ni simu yake, kioo chake kimepasuka tangu Krismasi. Nimempigia hapokei. Mjomba ameshapata mnunuzi wa ng'ombe, na anakuja kuwachukua kesho kutwa.