Kutoka Moshi hadi Saadani, tukiufuata Mto Pangani

Watu wa Moshi tukitaja mbuga huwaza Serengeti na Ngorongoro, na tukitaja bahari huwaza Dar es Salaam au Zanzibar. Wachache hukumbuka kwamba maji yanayoshuka Kilimanjaro na Meru hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huendelea kwa jina la Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Mimi na mume wangu tuliamua kuyafuata kwa gari tuliloazima kwa shemeji, maana letu liko chini mno kwa njia za pwani.

Kuanzia Same hadi Korogwe ni joto na mashamba ya mkonge, milima ya Upare na Usambara ikiwa kushoto na mto ukiwa umejificha kulia. Karibu na Hale mto huo hufua umeme. Kituo kimoja tu, cha Pangani Falls, kina uwezo wa megawati 68.

Mapango ya Amboni, kaskazini ya Tanga, yana sifa kubwa, lakini mimi nilivutiwa zaidi na Tongoni, kusini ya mji, ambako msikiti uliobomoka umezungukwa na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe, baadhi yakiwa na nguzo zilizowahi kupambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Mbele yake ni Kigombe. Wavuvi wa pwani hii, hasa tangu mwaka 2003, wamekuwa wakinasa silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938.

Mjini Pangani tulivuka kwa pantoni kwenda Bweni, juu ya maji yenye rangi ya udongo. Mzee mmoja alituuliza tulikotoka, nami nilipomjibu alicheka: “Basi shamba lenu, binti yangu, hutufikia kila masika.” Ulikuwa utani, lakini sikuweza kumpinga, kwa kuwa nimeona jinsi miteremko yetu inavyolimwa hadi ukingoni mwa vijito.

Saadani, iliyopewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo pekee Tanzania Bara ambayo pori lake hukutana na bahari. Anayetarajia makundi ya Ngorongoro atarudi amenuna, kwani wanyama hapa ni wachache na waoga. Tuliona twiga, kongoni na nyani. Tembo walituachia kinyesi tu. Utajiri wenyewe uko majini: katika Mto Wami, kwa mashua, viboko na mamba huonekana kwa karibu, na katika ufuo wa Madete kasa wa kijani hutaga mayai yao.

Udongo mweusi wa Saadani hunasa magari wakati wa mvua, kwa hiyo ni afadhali kwenda kati ya Juni na Septemba, kisha kurejea kwa njia ya Mandera na Segera.