Fomu Yenye Unga

Mwaka 2021 mwenye nyumba tuliyopanga Kisauni, Mombasa, aliniambia anaiuza, na kama naitaka ni yangu kabla hajamtangazia mtu: vyumba viwili, choo uani, shilingi 390,000. Nilikuwa fundi cherehani. Mwezi wa kufungua shule, sare zikiwa nyingi, nilipata hata elfu thelathini. Miezi mingine nusu yake haifiki.

Nilikwenda benki kuomba mkopo, lakini sikukaa sana. Payslip sina. Hatimiliki haipo, maana nyumba ile ni ya bila ardhi, kama zilivyo nyingi Mombasa: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, naye unamlipa kodi ya ardhi. Kisha kijana wa benki aliyenihudumia akatazama kompyuta na kushusha sauti: “Mama, jina lako liko CRB.” Yaani kwenye rekodi za waliokopa wasilipe.

Shilingi 2,700. Nilizikopa kwa simu mwaka 2018, mwanangu ameshikwa na malaria usiku. Baadaye simu ikaibiwa, laini ikapotea, na deni nikalisahau kabisa. Nilitoka pale nimejifunika mtandio hadi machoni.

Nililipa deni pamoja na faini zake, nikatoa 2,200 nyingine za cheti cha CRB cha kuonyesha sidaiwi tena. Benki sikurudi. Nilikwenda kwenye sacco yetu, chama cha akiba na mikopo, ambako kwa miaka minane nilikuwa nimeweka akiba 135,000. Wao hukopesha mara tatu ya akiba, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio lililobaki. Hesabu ilitosha. Waliobaki ni wadhamini watatu.

Wadhamini! Kumwomba mtu pesa ni rahisi kuliko hilo, kwa sababu nikishindwa kulipa, akiba yake ndiyo itakayokatwa. Wawili walikubali jioni ileile. Wa tatu, jirani yangu muuza mahamri, nilimwendea alfajiri.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?”

Nilimweleza yote, na CRB nikaitaja kwanza, asije akaisikia kwa mtu mwingine. Aliendelea kusukuma unga bila kuniangalia. Nilidhani ndiyo basi. Akamaliza donge lile, akalikata vipande vinne, akavitia kwenye mafuta.

“Ulilipa?”

“Nililipa, mama. Cheti hiki hapa.”

Hakukitazama. Alifuta mkono kwenye leso, akaitaka fomu, akatia sahihi pale pale juu ya kibao.

Karani wa sacco alipoipokea aliipangusa unga kwa kiganja, kisha akaigonga muhuri.