Shuka moja, nyota mbili

Mwishoni mwa Novemba 2016 niliaibika mbele ya Kidato cha Tatu kwa sababu ya bahasha.

Nilikuwa nafundisha fizikia kwenye shule moja ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza, na vipindi vya mwisho wa muhula nilivigeuza kuwa hadithi za nyota. Siku zile akili yangu yote ilikuwa kwenye nyota zinazoishi mbili mbili, zinazozungukana. Nikaandika ubaoni kwa maandishi makubwa: bahasha ya pamoja. Wataalamu kwa Kiingereza ndivyo wanavyoiita gesi inayozifunika nyota mbili kwa pamoja, nami nikatafsiri kama kamusi ilivyonituma. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ina shilingi ngapi?"

Darasa zima hoi. Kwetu bahasha ni mchango wa harusi, au ile nyingine ipitayo chini ya meza. Nikamtoa nje. Kosa la kwangu, adhabu nikampa yeye.

Jumamosi nikaenda kwa mjomba, aliyekuwa na mtumbwi wa dagaa. Mwezi ulikuwa unakaribia kuandama, usiku mweusi tii. Wavuvi wa dagaa na sisi wa nyota tunagombea usiku uleule: mbalamwezi ikishika, dagaa hawaijali taa ya mtu, na mimi angani sioni kitu. Tuliwasha taa, tukaziacha zielee, tukakaa kungoja huku wadudu wakituingia masikioni. Saa sita Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, kilikuwa karibu na utosi, kimeegea kaskazini kidogo. Nikamwonyesha mjomba mahali patupu, kusini mwa Kilimia.

"Pale pana nyota mbili, mjomba. Kwa macho huzioni. Zinaitwa V471 Tauri."

"Huzioni, lakini unanionyesha."

Nikamweleza. Moja ni ya kawaida, ndogo kidogo kuliko jua letu. Nyingine ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kuzeeka. Ukubwa wake ni kama wa dunia, lakini uzito wake ni wa kulinganishwa na jua. Zinazungukana kwa saa kumi na mbili na nusu hivi. Tangu tutie nanga hadi tupande nchi kavu, zimekaribia kumaliza mzunguko. Na zimekaribiana mno: katikati yake ukiyapanga majua mawili hayaenei.

Mjomba alinyamaza, akavuta kamba ya taa moja karibu. Kisha akauliza swali ambalo mimi nililipata chuoni baada ya kufundishwa.

"Nyota ikizeeka si ulisema inavimba?"

"Inavimba. Inakuwa jitu jekundu, mara mia na zaidi."

"Basi hiyo kubwa ilikaa wapi? Hapo katikati haienei."

Swali lenyewe ndilo hilo. Mwaka 1976 Mpolandi mmoja, Bohdan Paczyński, alitoa maelezo ambayo wanafizikia wanayatumia mpaka leo. Hapo zamani nyota hizi zilikuwa mbali. Kubwa ikazeeka kwanza, ikavimba, gesi yake ikaanza kumwagikia mwenzake. Ikamwagika upesi kuliko mwenzake alivyoweza kupokea, mwisho ikawafunika wote wawili. Ndani humo kiini cha yule mzee na yule mdogo wakaendelea kuzungukana, gesi ikiwabana kila upande.

Hapo ndipo niliposema tena "bahasha", nikaona uso wa mjomba. Alicheka taratibu.

"Mimi na marehemu kaka yangu, kule Ukerewe, tulilala wawili shuka moja. Baridi ya ziwa ikija mnasogeleana. Joto likizidi, mmoja analipiga teke. Asubuhi shuka liko chini na nyie mmebanana kama dagaa."

Sikuwa na la kuongeza. Gesi ile inakula nguvu ya mzunguko, nyota zinasogeleana, na nguvu iliyopotea ndiyo inayolitupa shuka nje. Kinachobaki ni kiini kitupu na mwenzake, wamebanana.

Alfajiri, tukirudi, tuliingia kwenye magugu maji bila kuyaona. Injini ikaguna, ikatoa moshi. Mjomba akaizima, akainyanyua, akaanza kukata kwa panga mizizi myeusi iliyojifunga kwenye propela. Maji ya pale yalikuwa ya uvuguvugu mkononi. Nilidhani nimepata mfano wa darasani, kisha nikaona unapotofautiana: propela ikibanwa hupunguza mwendo, nyota zikibanwa huzidisha. Zinavyopoteza nguvu ndivyo zinavyoanguka ndani na kuzunguka kwa kasi zaidi.

"Na wakishindwa kulitupa shuka?" Mjomba aliuliza bila kuinua kichwa.

Zinaungana. Nikamtajia nyota iitwayo V1309 Scorpii, iliyolipuka kwa mwanga mwaka 2008. Wataalamu wa Poland walikuwa na picha zake za miaka kadhaa nyuma, na walipozifungua wakakuta zilikuwa nyota mbili zilizozungukana kwa siku moja na nusu kasoro, muda huo ukipungua mwaka hadi mwaka. Baada ya mlipuko, ikawa moja.

"Mungu awarehemu," akasema mjomba, akawasha injini.

Jumatatu nilifuta neno bahasha ubaoni, nikaandika shuka. Kijana wa nyuma nilimwita mbele, nikamwomba radhi kwa sauti ya chini. Sijui kama wengine walisikia. Nikaeleza yote tangu mwanzo. Mkono wake ukapanda tena.

"Mwalimu, hilo shuka lilikuwa la nani?"

"La mkubwa. Mdogo alifunikwa tu."

"Na lilipotupwa, mdogo alipata kipande?"

"Kidogo sana. Karibu hakuna."

Akainamia daftari, akaandika.