Kitako cha 1917

Jumamosi nilipita Keko kuulizia bei ya meza. Fundi mmoja alikuwa ameipindua stuli miguu juu, anaisugua kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya linsidi, na harufu ile ikanisimamisha palepale. Dalali akadhani nimeipenda stuli, akaanza kutaja bei. Mimi nilikuwa nimeshafika Manyoni, uani kwetu, mwaka 1998, na Mzee ameilaza bunduki kwenye jamvi.

Ilikuwa ile .303 yake ya leseni, aliyoinunua kwa mlowezi aliyekuwa anafunga shamba lake la tumbaku Iringa. Ilishafukuza nguruwe na tembo kwenye mashamba ya nusu ya kata. Lakini mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa ameshamwanza, na Mzee alikuwa ameshaamua: leseni ikiisha haihuishi, bunduki anaipeleka polisi mwenyewe. Hakuna aliyembishia. Kilichotushangaza ni kwamba, kabla ya kuipeleka, alitaka kukitengeneza kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani.

Hali yake kweli ilikuwa mbaya. Mvua za El Nino zilikuwa zimevujisha bati la chumbani kwake, na mbao ikaota ukungu mweupe. Chini ya ukungu kulikuwa na utando mweusi wa jasho na mafuta ya miaka, na kwenye ubavu wa kushoto mabonyeo yamejipanga, yale ya kugongwagongwa na bodi la Land Rover. Kaka Yona alisema ipakwe vanishi iishe. Mzee akamwambia vanishi inakaa juu ya mbao kama ngozi, ikikwaruzwa inabanduka, na maji yakipenya chini yake hayatoki. Alitaka mafuta, yanayoingia ndani.

Aliitoa risasi na bolti, kile chuma kinachosukuma risasi mtutuni, mapema, akavifungia ndani, ndipo akaniita nimshikie. Nilijifunza siku ile kwamba Lee-Enfield, ndiyo aina ya bunduki ile, haina mbao moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitako ni kipande cha peke yake, kimekazwa na bolti nyingine, skrubu ndefu inayopita katikati yake, na kuifikia unafungua kifuniko kidogo cha shaba pale kinapokaa begani. Tulimwazima fundi wa reli bisibisi ndefu kwa kazi hiyo. Mzee alinikataza kuigusa bolti kabla mbao ya mbele haijatoka. Ncha ya ile bolti ina umbo la mraba na inakaa kwenye kibati kilichomo nyuma ya mbao ya mbele, kwa hiyo ukianza kuizungusha huku mbao iko mahali pake, unaipasua. Alinieleza mara mbili, halafu akaniambia nirudie mimi.

Kitako kilipochomoka, shingo ya chuma ikabaki wazi, na hapo akaniambia nimsomee, maana yeye hakuona tena herufi ndogo. Taji. Chini yake G.R., herufi za Mfalme George. Chini yake B.S.A. Co., kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoitengeneza. Halafu 1917.

"Elfu moja mia tisa kumi na saba," akasema taratibu. "Mwaka wa Mtunya."

Sisi watoto wa Ugogo tulikua tukilisikia jina hilo. Waingereza na Wajerumani walipigana kwenye ardhi yetu, wakachukua nafaka, wakachukua ng'ombe, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakosekana, na kuanzia 1917 hadi 1920 watu wa kwetu wakafa njaa. Baba yake Mzee alikuwa mtoto aliyebaki. Kaka zake wawili walikwenda upagazini, hawakurudi. Mzee hakudai kwamba bunduki ile ilikuwepo nchini kwetu wakati huo, na hakuna aliyejua ilipita wapi kutoka Birmingham hadi kwa yule mlowezi. Alipitisha kidole gumba juu ya tarakimu mara kadhaa, kisha akasema, "Haya, tufanye kazi."

Kwanza alikifunga kitako kwa matambara na nailoni nyeusi, akakianika. Jua la Manyoni unalijua. Mchana ukifika katikati mbao ilitoa jasho la mafuta machafu, tukalifuta, tukabadilisha matambara, tukakirudisha juani. Tuliendelea hivyo mpaka tambara likatoka kavu.

Halafu akasema, "Mama, niletee pasi."

Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Mama mwenyewe wa nyumbani alitoka jikoni mbio. "Baba Yona! Pasi ya nguo za kanisani?" Mzee akamwahidi kuirudisha safi. Ilikuwa pasi ya mkaa, ile ya kichwa cha jogoo, na nilikuwa nimeipuliza mpaka makaa yakawa mekundu.

Alikunja kitambaa cha pamba mara nne, akakichovya majini, akakikamua kidogo, akakilaza juu ya bonyeo kubwa kuliko yote. Akashusha pasi kwa ncha. Mvuke ukapanda na mlio mkali, na harufu ikawa ya mbao iliyochemka pamoja na mafuta ya kale. Akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Akanyanyua. Hakutazama, akaushika mkono wangu na kuweka vidole vyangu pale.

"Limepanda?"

Lilikuwa limepanda kidogo. Bado kulikuwa na shimo, lakini kingo zake zimelegea. Akalowesha tena, akashusha tena. Nilikuwa nimepiga magoti karibu kiasi kwamba mvuke ulinipata usoni. Kila aliponyanyua niliingiza vidole kabla mbao haijapoa, na kila mara kina kilikuwa kimepungua, mpaka vidole vyangu vikapita moja kwa moja visikwame popote. Niliangalia kwa macho nisiamini. Pale palipokuwa na bonyeo la kuingia punje ya muhindi palikuwa sawasawa, pana unyevu tu, na mistari ya mbao imepita juu yake kama kawaida.

"Mbao iliyobonyea haijafa," akaniambia. "Imebanwa tu, ukiipa maji na moto inavimba inarudi. Ila iliyokatwa, nyuzi zake zimeshatengana. Hiyo hairudi." Akanionyesha mkato mmoja mrefu karibu na shaba. Pasi ilipita pale, mvuke ukapanda, mkato ukabaki ulivyo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Msasa wa 120, halafu 240, tukifuata mistari ya mbao, bila kugusa kingo zinazokutana na chuma, kwa sababu ukizila hizo kitako kinalegea. Kikafutwa kwa kitambaa chenye maji ili vinyweleo vya mbao visimame, kikakauka, kikapigwa msasa laini. Kisha linsidi, matone machache kwenye kiganja, na kusugua mpaka kiganja kipate joto. Mbao yake ni ya mti wa jozi, si mninga wala mkongo tuliouzoea, na mafuta yalipoingia ikatoa hudhurungi yenye mawimbi meusi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona nyumbani kwetu. Matambara ya linsidi Mzee aliyatandaza kwenye kamba, moja moja, mbali na ukuta. Ukiyafinyanga ukayatupa kwenye kona, yanajipasha joto yenyewe hadi yanawaka, na alishaona stoo ikiungua hivyo. Ninamwambia kila fundi ninayemkuta na mafuta hayo, na wengi hawajui.

Akakirudisha kitako kwanza, mbao ya mbele baadaye, na tukaenda polisi asubuhi, yeye, mimi na mwenyekiti wa kitongoji. Askari akalinganisha namba na leseni, akaandika kitabuni, akampa Mzee karatasi yake. Mzee akamwomba asiiegemeze ukutani, na kila mwaka ipakwe mafuta kidogo. Askari, kijana mwenye heshima, akasema, "Sawa, Mzee wangu."

Njiani nilimuuliza kwa nini alijisumbua vile kwa kitu cha kwenda kuacha. Akasema, "Nimeishika miaka mingi, mama," akaniuliza kama tumebakiza mafuta ya taa nyumbani.

Mama alikuwa na jibu lake: watu wa idara ya wanyamapori walifundishwa kurudisha vifaa safi, na Mzee hakuacha tabia ya kazini hata kwa kilicho chake. Yona anasema alitegemea macho yapone aende kuiomba tena, ndiyo maana hakutaka ioze. Mimi huwaza ule mwaka uliochongwa kwenye chuma, na kidole chake kikipita juu yake, lakini siwezi kusema nimejua. Baadaye alifanyiwa upasuaji, akasoma tena Biblia yake ya maandishi madogo bila msaada wa mtu. Hakwenda kuiulizia.