Gari la zamani lenye R12: uweke gesi gani sasa

Ukifungua boneti ya Land Cruiser ya miaka ya 80, Corolla ya 1990 au Mercedes W123 iliyotunzwa, tafuta kikaratasi karibu na rejeta kilichoandikwa aina ya gesi ya AC na uzito wake kwa gramu. Kikisema R12, gesi ya AC za magari ya zamani, usikubali mtu yeyote afungue hozi kabla hujanakili ule uzito. Utauhitaji baadaye, na kikaratasi kikishachubuka hutaupata kirahisi.

R12 yenyewe isahau. Klorini iliyomo inakula tabaka la ozoni, ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiweka kwenye njia ya kuzimwa. Tanzania ilijiunga mwaka 1993, na kwa nchi zinazoendelea mwisho ulikuwa 2010. Mtungi wa "R12 original" unaouzwa leo unaweza kuwa na chochote ndani.

Jibu fupi kwa gari la Dar: R134a (gesi iliyochukua nafasi ya R12), mafuta ya kompresa ya esta, draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu), na pesa itakayobaki iende kwenye kondensa (rejeta ya AC, mbele ya ile ya injini) na feni. Watu wengi wanabishana kuhusu gesi, wakati gesi ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Mafuta, unyevu na kondensa ndivyo vinavyoamua kama AC itadumu miaka mitano au itakufa ndani ya miezi mitatu.

Kwanza ujue kilichomo sasa. Magari ya Kijapani yalihama kutoka R12 kwenda R134a hapo katikati ya 1992 na 1994, kwa hiyo gari la miaka hiyo linaweza kuwa upande wowote. Angalia midomo ya kujazia: ya R12 ina nyuzi za kufungia kwa kuzungusha, ya R134a ni ya kubofya, mm 13 upande wa chini na mm 16 upande wa juu. Lakini mdomo wa R134a siyo ushahidi kamili. Magari mengi yamefungwa adapta tu, ndani mafuta ni yaleyale ya zamani.

Geji inasaidia kidogo. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha na joto ni nyuzi 30, R134a itasoma karibu psi 97 na R12 karibu 93, kwa hiyo hizo mbili huwezi kuzitofautisha. Ila ukiona 158, hiyo ni R22, gesi ya AC za nyumba. Karibu 142 ni propani, gesi ya jamii ya gesi ya kupikia. Namba isiyolingana na chochote mara nyingi ni mchanganyiko au kuna hewa ndani. Kipimo hiki kina maana tu kama bado kuna gesi ya kutosha kiasi cha kubaki kimiminika.

R22 ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu mwanzoni inafurahisha. Inapatikana kwa mafundi wa AC za nyumba, inapoza vikali, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Kisha anaingia foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana. Kondensa ikifika nyuzi 65, R12 ingekuwa psi 230 hivi na R134a 260, lakini R22 inafika karibu 375. Hozi za zamani za mpira wa naitrili haziwezi kuizuia. Inapenya kwenye mpira, inavimbisha oringi, na joto linalotoka kwenye kompresa (pampu ya AC) linapanda hadi mafuta yanaungua. Gesi mchanganyiko zenye R22 ndani, kama R406A, zinabeba sehemu ya matatizo hayohayo, na zikivuja kidogo uwiano wake hubadilika, hivyo huwezi kuongezea juu yake na ukajua umebaki na nini.

Mchanganyiko wa propani na isobutani unafanya kazi vizuri kama gesi; hilo lisemwe wazi. Presha yake ikichanganywa sawasawa inakaribia ya R12, mafuta ya zamani yanaifaa, na inatosha theluthi moja hivi ya uzito wa R12. Tatizo ni kwamba evapureta, inayopoza hewa ya ndani, iko ndani ya dashibodi. Chumba cha gari dogo kina mita tatu za ujazo, yaani kama lita 3,000 za hewa. Propani inaweza kushika moto ikifika asilimia 2 tu, sawa na lita 60, ambazo ni gramu 110 hivi. Mfumo wenye gramu 300 ukivuja ndani, vioo vimefungwa, unavuka kiwango hicho mara mbili na zaidi, na cheche ya swichi ya feni inatosha. Gari halikubuniwa kwa hilo. Gesi ya kupikia ni mbaya zaidi, kwa sababu uwiano wake haujulikani na haikukaushwa kwa ajili ya AC.

R1234yf ya magari mapya achana nayo. Ni ghali, nayo inashika moto kwa kiasi chake, na kwenye gari la R12 haikupi faida yoyote ya ubaridi.

Sasa mafuta. R12 ilikuwa inayeyusha mafuta ya madini na kuyazungusha hadi yarudi kwenye kompresa. R134a haiwezi. Ukiijaza juu ya mafuta ya zamani, mafuta yanajikusanya chini ya evapureta na kondensa yanabaki hukohuko, huku kompresa inasaga chuma kwa chuma. Ndiyo maana gari "lililobadilishwa" kwa adapta na kopo mbili za gesi linapoza wiki kadhaa, halafu linaanza mlio.

Kuna PAG na kuna esta, ambayo kwenye chupa utaona POE. PAG ni nzuri kwa mfumo mpya, lakini mabaki ya klorini na mafuta ya madini yanaiharibu, na inanyonya unyevu wa hewa upesi mno. Kwa hewa ya Dar, chupa iliyofunguliwa jana usiinunue. Esta inavumilia mabaki, kwa hiyo ndiyo ya kubadilishia. Kama unafunga kompresa mpya na umesafisha kila kitu, fuata iliyoandikwa kwenye kompresa. Kwa Denso, ND-OIL 6 ni ya R12 na ND-OIL 8 ni PAG ya R134a. Hizo mbili zisichanganywe.

Kompresa ishushwe, igeuzwe, mafuta yamwagwe kwenye chupa yenye vipimo. Zungusha klachi kwa mkono mpaka yaache kudondoka. Yaangalie kwenye mwanga: ya njano safi ni habari njema, ya kijivu yenye kung'aa yana unga wa aluminiamu, na hapo kubadili gesi hakutaiokoa kompresa. Kondensa, evapureta na mabomba vioshwe kwa kimiminika cha kusafishia AC, kisha vipulizwe na naitrojeni kavu. Petroli na dizeli hapana, zinabaki ndani na kuharibu mafuta mapya. Draya na ekspansheni valvu (inayopima gesi inayoingia evapureta) havioshwi. Kondensa mpya iongezewe ml 40 za mafuta, evapureta ml 40, draya ml 10 hadi 20.

Draya ya R12 lazima itoke. Chembe zake za kunyonya unyevu hazikutengenezwa kwa R134a wala mafuta yake, zinaweza kumomonyoka na kuziba valvu. Nunua yenye maandishi XH-7 au XH-9, na vizibo vyake vitolewe dakika ya mwisho kabla ya kufunga. Oringi zote zibadilishwe kwa zile za mpira wa HNBR, mara nyingi ni za kijani, zikipakwa mafuta ya AC kabla ya kukazwa. Hozi zikague pale mpira unapobanwa na chuma: ukiona vumbi limeshikamana na kuwa tope jeusi la mafuta, hapo panavuja hata kama geji inasema pamekaza.

Jaribio la kuvuja ni naitrojeni psi 150 na povu la sabuni. Fundi anayechukua mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa kazi hii msimamishe palepale. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka.

Kisha vakyumu. Dar iko usawa wa bahari, na hiyo ni faida: geji ya chini inapaswa kufika inchi 29 za zebaki. Maji kwenye nyuzi 30 yanachemka ikifika karibu inchi 28.7, kwa hiyo pampu inayokwama kwenye 25 haitoi unyevu hata ikinguruma kutwa. Endesha dakika 45, funga valvu, subiri dakika 20. Sindano ikirudi, kuna tundu au kuna maji.

Kwenye kujaza ndipo mazoea ya zamani yanaangusha mafundi wazuri. Kwa R12 ilikuwa sahihi kutazama kioo cha draya na kuongeza gesi mpaka mapovu yaishe. Kwa R134a kwenye mfumo uliobadilishwa, kioo kinaweza kubaki na ukungu wa maziwa au mapovu hata kiasi kikiwa kamili. Anayefukuza yale mapovu anazidisha gesi, kondensa inajaa kimiminika, presha inapanda, ubaridi unapungua, naye anaongeza tena. Mwambie mapema: "Fundi, naomba tupime kwa mzani, kioo tukiache."

Hesabu ni hii: uzito wa R12 mara 0.9, toa gramu 113. Gari la gramu 900 linaishia karibu gramu 700. Pima mtungi au kopo kabla na baada, maana kopo hazilingani uzito. Sehemu ya kwanza inaingia kama kimiminika upande wa juu, injini imezimwa. Funga upande huo kabisa kabla ya kuwasha. Ukiusahau wazi, presha ya kompresa inarudi kwenye kopo na inaweza kulipasua. Inayobaki inaingia upande wa chini kama mvuke, kopo likiwa wima, kwa sababu kimiminika kikiingia kwenye kompresa kinavunja valvu zake.

Kwa joto la nyuzi 32, injini kwenye mizunguko 1,500 na feni ya ndani mwisho, tarajia psi 30 hadi 45 chini na 200 hadi 250 juu. Ikipita 300, mwagia kondensa maji. Presha ikishuka ghafla, gesi haina kosa, hewa haipiti vya kutosha. Isiposhuka sana, umezidisha gesi au kuna hewa ndani.

Hapo ndipo pesa ya mwisho iende. Kondensa za zamani za bomba la duara hazitoi joto la R134a vizuri gari likiwa limesimama. Ya mabomba bapa yenye vinjia vingi, ikiwa na ukubwa unaojaza uso wa rejeta, inabadilisha kabisa AC kwenye foleni ya Ubungo. Tenganisha kondensa na rejeta uoshe tope la katikati. Klachi ya feni iliyolegea ibadilishwe, na feni ya umeme ya inchi 12 au 14 iongezwe, uhakikishe inasukuma hewa kuelekea injini. Kama mfumo hauna swichi ya presha ya juu, funga inayokata kati ya psi 380 na 450.

Mwisho bandika kikaratasi kipya juu ya kile cha zamani: R134a, esta, gramu ngapi, tarehe. Fundi atakayefungua boneti hiyo baada ya miaka minne asianze kubahatisha.